Kuuvika mkono wa roboti ngozi ya sponji usije ukambana mtu vidole

Jamani kama unajenga kile kimkono cha roboti cha mezani cha kukushikia mbao ama kukupokezea spana, jua kwanza sponji peke yake si usalama. Kazi yake ni kuchelewesha tu, roboti isikie imegusa mtu na isimame kabla chuma hakijafika kwenye nyama.

Unene piga hesabu, usikisie. Mkono ukienda sentimita 25 kwa sekunde, na programu yako pamoja na mota zachukua milisekunde 70 mpaka kusimama, ushatembea karibu sentimita 2 tangu kugusa, na sponji haibonyei mpaka ikaisha, basi weka 3 au 4. Nenda kwa fundi wa makochi umuombe vipande alivyokata, mara nyingi akupa kwa bei ya chai. Chukua ile inayobonyea kwa kidole kimoja, ile ngumu ya kukalia achana nayo.

Sensa ni kama sandwichi: tepu ya shaba, Velostat (ile plastiki nyeusi yenye kaboni, ukiifinya ukinzani wake wa umeme washuka), halafu shaba tena. Velostat ikate izidi shaba pande zote zisigusane. Foili ya jikoni pia yafanya kazi ila solda haishiki, wabaki kubanabana na kila siku waya watoka. Iweke juu ya sponji, upande wa mtu, manake ukiiweka chini nguvu ya kidole yatawanyika njiani na sensa yasikia kwa mbali. Shonea leso kuukuu juu yake lakini usikaze, ukikaza ishafinywa hata kabla hujaigusa.

Waya sasa: rezista ya 10k (yaani kilo-ohm 10) toka volti 5 hadi pini ya analogi ya Arduino (ile bodi ndogo inayoendesha roboti), sensa toka pini hiyo hiyo hadi graundi, halafu rezista ya 47k sambamba na sensa, kule kule kwenye mkono wa roboti si kwenye bodi. Hivyo sensa isipoguswa, namba inayosomwa na Arduino (kati ya 0 na 1023) haipiti kama 843, na waya ukikatika yaruka 1023, basi ukiona zaidi ya 900 simamisha kila kitu. Hii usiiruke, mie waya ulinikatikia kwenye kiwiko kabla sijaijua hii 47k, roboti ikajiona haijagusa kitu, ikanisukumia sahani ya viazi karai na ukwaju wake wote kwenye kibodi.

Halafu hewa yetu hii ya Mombasa, unyevu na chumvi, namba ya asubuhi si ya saa nane mchana. Usiandike "ikishuka chini ya 500 simama", weka wastani unaojirekebisha pole pole na utazame namba ikishuka ghafla. Ila ikiguswa wastani ugande hapo hapo, la sivyo mtu akiegemea roboti yamzoea yaanza kumsukuma.

Kupima, weka kizibo cha soda juu ya ngozi na pakiti ya sukari kilo 1 juu ya kizibo. Namba yashuka, kisha yaendelea kushuka kidogo kidogo, na ukiondoa hairudi mara moja. Ndo tabia yake, usiifanye mizani. Muongozo wa ISO/TS 15066 wa 2016, wa kimataifa wa roboti zinazofanya kazi na watu, uliweka kikomo cha uso wa mtu kubanwa newtoni 65, kama kilo 6 na nusu, na vidole newtoni 140. Mie nakaa mbali kabisa na hapo, kwa kilo 1 ya sukari lazima isimame.

Na kusimama si kukata umeme wa mota, mkono utamwangukia mtu. Urudi nyuma sentimita 2 ama 3 ukae hapo. Jaribu na ndizi mbivu kwanza, ikitoka ganda halina alama ndo utie kidole chako, mkono mwengine uwe kwenye swichi.