Kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kula vizuri: hatua ninazofuata darasani, Moshi

Nimeandika haya kwa mwalimu wa darasa la pili hadi la tano, mwenye wanafunzi wengi na fedha kidogo. Mifano ni ya huku Moshi. Wewe weka ya kwenu. Msimamo wangu ni kwamba mtoto habadilishi ulaji kwa kukariri makundi ya vyakula. Anabadilika akishika chakula, akikiosha na kukionja.

Hatua ya 1: Anza na kinacholiwa nyumbani

Waulize jana walikula nini, uandike ubaoni: makande, mtori, ugali na dagaa, uji. Usikosoe chakula cha yeyote. Kuna mtoto aliyeshindia chai kavu, na ukimuumbua mbele ya wenzake hatakwambia ukweli tena. Kisha wapange wenyewe: kipi kinatia nguvu, kipi kinajenga mwili, kipi kinaulinda. Mara nyingi safu ya kulinda mwili, yaani mboga na matunda, ndiyo inabaki na majina machache. Anzia hapo.

Hatua ya 2: Onjesha, tena na tena

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Nunua fungu la mnafu na la mchicha pale sokoni Mbuyuni au Kiborloni, uwape wachambue wenyewe. Mnafu ni mboga ya nyumbani kabisa, lakini watoto wengi wanaukwepa kwa sababu ya uchungu. Changanya nusu mnafu nusu mchicha, uunge kwa karanga zilizosagwa. Uliza kwanza wazazi kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, na mikono yote ipite kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotundikwa cha kunawia.

Kila mmoja aonje kijiko kimoja. Asiyetaka asilazimishwe, wala asichekwe. Wiki inayofuata rudia mboga ileile. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kigeni mara 10 au zaidi kabla hajakizoea, ilhali sisi wakubwa tunakata tamaa mara ya pili tu. Nawe onja mbele yao, maana watakutazama usoni.

Hatua ya 3: Soda iwe somo la hisabati

Soda nyingi zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu ngapi? Thelathini na tano. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4, kwa hiyo ni karibu vijiko 9. Mwanafunzi apime vijiko hivyo, avimimine kwenye chupa tupu inayoonyesha ndani, ipitishwe dawati hadi dawati. Huhitaji kuongeza hotuba.

Hatua ya 4: Ongea na mama anayeuza getini

Usimfukuze, anasomesha watoto wake kwa biashara hiyo. Msalimie, mweleze mnachofundisha, mwombe aongeze mapera, ndizi mbivu na karanga pembeni ya pipi na barafu za rangi. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Kwa hiyo pera na makande ya mchana vinakwenda pamoja. Chai hufanya kinyume, basi wafundishe kuinywa saa moja hivi kabla au baada ya chakula.

Hatua ya 5: Bustani ya viroba

Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4, na viroba vya udongo wenye samadi vinatosha. Kila kundi lipewe kiroba chake.

Hatua ya 6: Kikao cha wazazi, na suala la magadi

Wazazi ndio wanaochangia mahindi na maharage, basi wahusishe pia katika upishi. Magadi hulainisha maharage haraka, lakini mara nyingi yana madini ya floraidi kwa wingi, na maji ya sehemu kadhaa za huku, hasa kuzunguka Mlima Meru, tayari yanayo. Floraidi ikizidi meno yanayoota hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Pendekeza maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya bila magadi. Mwombe mpishi wa shule aeleze mwenyewe kikaoni. Wazazi watamuuliza kuhusu kuni na muda, na yeye ana majibu kuliko wewe.