Soma Kadi ya Makumbusho Kuanzia Mstari wa Chini

Mtu anayeingia katika jumba kubwa la makumbusho kwa mara ya kwanza huzidiwa na wingi wa vitu. British Museum ya London inahifadhi vitu vipatavyo milioni 8, na vinavyooneshwa kwa wageni ni 80,000 hivi tu. Louvre ya Paris imeweka wazi vitu kama 35,000. Anayejaribu kuviona vyote hutoka jioni miguu ikimuuma, simu imejaa picha, na akiulizwa ameona nini hana la kueleza. Njia ninayoipendekeza hapa ni kuchagua vitu vitatu au vinne, usizidishe, na kila kimoja kukisoma kwa kadi yake ya maelezo, ukianzia mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo ambao wageni wengi huuruka.

Maandalizi yenyewe ni machache. Hakikisha siku za kufunga kabla hujakata nauli, kwa sababu Louvre hufungwa Jumanne na Museum für Naturkunde (makumbusho ya historia ya asili) ya Berlin hufungwa Jumatatu. British Museum hailipishi kiingilio cha maonyesho yake ya kudumu, wala makumbusho ya Smithsonian yaliyoko Washington, lakini kuingia bure hakuondoi foleni, na baadhi ya majumba hutaka uweke nafasi ya saa maalumu kwenye tovuti hata kama hulipi chochote. Kwa Nairobi na Dar es Salaam, chukua kitambulisho, maana kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni. Kisha, ukiwa bado nyumbani, chagua vitu vyako na uandike viko katika ukumbi gani.

Sasa tuje kwenye kadi. Kwa kawaida sehemu ya juu hutaja jina la kitu, kilitengenezwa kwa malighafi gani, lini na wapi. Chini hufuata jina la aliyekitoa au aliyekiuza, pamoja na namba ya usajili. Sehemu ya juu ndiyo inayompendeza mgeni, lakini inahusu kitu kilipokuwa kwao. Ya chini inahusu namna kilivyofika mbele yako. Kati ya hizo mbili mara nyingi kuna pengo la miaka mingi, na pengo hilo ndilo linalostahili kuulizwa.

Chukua mfano wa mabamba ya shaba ya Benin yaliyoko British Museum. Juu utasoma kwamba yalitengenezwa katika karne ya 16 au ya 17, katika ufalme ulioko kusini mwa nchi inayoitwa leo Nigeria. Chini, namba za mengi kati yake huanza na Af1898,0115. Namba hii si ya kubahatisha: Af ni Afrika, 1898 ni mwaka wa kusajiliwa, na 0115 ni mwezi wa kwanza, tarehe 15. Kinachofuata baada ya nukta ni nafasi ya kitu hicho katika shehena ya siku ile. Ukirudi nyuma mwaka mmoja tu utakuta Februari 1897, jeshi la Uingereza lilipoivamia Benin, likaipora ikulu na kumpeleka mfalme wake uhamishoni. Aliyetajwa kuwa mtoaji ni Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Mtu asiyejua kusoma namba ataona kazi nzuri ya mikono na kupita. Anayejua atagundua kwamba vitu vingi viliingia siku moja, kwa mkono mmoja, na atajua sababu.

Wakati mwingine habari hizo zimeandikwa kwenye kitu chenyewe. Jiwe la Rosetta, ambalo wanajeshi wa Ufaransa walilikuta mwaka 1799 katika mji wa Rashid nchini Misri, limekuwa British Museum tangu 1802. Wageni hujazana mbele yake kutazama maandishi matatu yaliyomwezesha mtaalamu Mfaransa Champollion kufumbua hieroglifu, maandishi ya Misri ya kale, mwaka 1822. Usisimame hapo. Zunguka mpaka ubavuni mwa jiwe, uinamishe kichwa kidogo, na utaona herufi za Kiingereza zinazosema kwamba lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801. Ubavu wa pili unasema lilitolewa na Mfalme George III. Binafsi naona maandishi hayo mawili mafupi ni maandishi ya nne ya jiwe hilo, na ndiyo yanayosomwa na watu wachache zaidi.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote uko Berlin, na unastahili kupewa saa nzima. Katika ukumbi mkuu wa Museum für Naturkunde amesimama Giraffatitan brancai, dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Tafuta kwenye maelezo yake mahali alipopatikana: Tendaguru. Hicho ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania, ambako msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913 na kusafirisha zaidi ya tani 200 za visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe. Hapo jiulize jambo ambalo kadi fupi haina nafasi ya kulieleza: ni nani aliyechimba, na ni nani aliyebeba? Hapakuwa na reli wala barabara ya magari kutoka kilimani hadi bandarini. Mifupa ilifungwa mizigo mizigo ikachukuliwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi Lindi, na huko ikapakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake linapatikana katika kumbukumbu za msafara wenyewe. Tarehe nayo inasema mengi: mwaka 1909 ulikuwa mwaka wa pili tu tangu kumalizika kwa Vita vya Maji Maji, na eneo hilo la kusini lilikuwa bado na majeraha ya vita na njaa iliyofuata.

Baada ya mahali na tarehe, soma jina la kisayansi, kwa sababu nalo lina mtu ndani yake. "Brancai" ni Wilhelm Branca, aliyekuwa mkurugenzi huko Berlin. Yeye hakubeba jiwe hata moja, lakini mnyama ni wake kwa jina. Ilichukua muda mrefu kabla ya majina ya wachimbaji wenyeji kutumika. Mwaka 2019 mifupa mingine ya Tendaguru, ambayo ni mfululizo wa pingili za mkia, ilipewa jina Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni watu wa eneo hilo, cauda ni mkia kwa Kilatini, na keranjei ni kwa heshima ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza kazi ya kuichimba. Majina pia hubadilika, na kadi ya zamani inaweza kutaja jina ambalo vitabu vipya vimeliacha. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na ambalo ni la Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, liliitwa kwanza Zinjanthropus boisei, yaani mtu wa Zinji, jina walilotumia Waarabu wa kale kwa pwani yetu. Wanasayansi wengi leo huliita Paranthropus boisei, na Zinji imetoka. Kilichobaki ni Boise, mfadhili wa uchimbaji.

Swali linalofuata ni kama unachokitazama ni chenyewe au ni nakala. Kuoneshwa nakala si udanganyifu, mradi kadi iseme hivyo. Huyo dinosaria wa Berlin amewekewa nakala za fuvu na za pingili za shingo, kwa kuwa mifupa halisi ni mizito na dhaifu mno kuning'inizwa juu namna ile. Kitu halisi nacho kinaweza kupotosha. Simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898, wako Field Museum ya Chicago, na mgeni kutoka Voi anaweza kushangaa kuwaona wadogo kuliko sifa zao. Sababu ni kwamba J. H. Patterson, aliyewaua simba hao, alizitumia ngozi zao kama mazulia kwa miaka kama 25 kabla ya kuziuza kwa dola 5,000. Zilipofika Chicago zilikuwa zimechakaa, zikapunguzwa, na simba wakajazwa kwa kipimo cha ngozi iliyobaki.

Kuhusu picha, piga ya kitu kwanza kisha ya kadi papo hapo, moja baada ya nyingine, ili usije ukachanganya baadaye. Zima mwako wa kamera, hasa penye nguo na karatasi, ambazo hufifishwa na mwanga. Ndiyo maana kumbi hizo huwa na giza kidogo.

Asiyeweza kusafiri hajafungiwa mlango. Makumbusho mengi makubwa yameweka orodha za vitu vyao kwenye mtandao, vikiwemo vilivyoko ghalani ambavyo hata mgeni aliyelipa nauli havioni. Ila usitafute kwa majina ya leo peke yake. Kitu kilichosajiliwa enzi za ukoloni huwa kimeandikwa kwa jina la wakati ule na kwa tahajia ya karani: jaribu Mombassa yenye s mbili, Tanganyika, na kwa orodha za Kijerumani Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani; jaribu pia majina ya makabila, kwa kiambishi na bila kiambishi, Wamwera na Mwera. Ukikipata unachokitaka, nakili namba yake ya usajili kama ilivyo, pamoja na mkato na nukta, kisha uiweke kwenye barua pepe utakayowaandikia watunzaji ukiwauliza ni nani aliyekitoa, mwaka gani, na kama wana barua zozote zilizoambatana nacho. Bila namba hiyo watakujibu kwa maelezo ya jumla. Ukiwa nayo, mtu atalazimika kufungua faili.