Ukitaka kujua mboga za porini na miti ya dawa, weka simu kwanza

Mara yangu ya kwanza kwenda fildi kujifunza mimea huku Kwale, pwani ya Kenya, nilirudi na picha sitini kwenye simu, kesho yake nafungua naona majani, majani, majani, yote kijani, sijui lipi ni lipi. Jua lote lile bure.

Kwanza angalia msimu. Mboga za pori zinafuata mvua, kwa hiyo panga wiki mbili tatu hivi baada ya masika kushika, mchunga, mnavu, mwangani na mlenda zote ziko nje, ukienda Februari utaonyeshwa vumbi tu uambiwe "hapa huwa pana mchunga".

Halafu tafuta wa kukufundisha wewe na wenzako, na usikimbilie mganga, anza na kina mama wanaouza mboga za kienyeji sokoni manake wao wanachuma kila siku na wateja wao wanakula. Waombeni siku moja mfuatane nao. Watu kumi wanatosha, mkizidi wa nyuma hawasikii kitu wanaanza kupiga soga. Na kumbuka huyo mama ameacha shughuli zake, bebeni sukari na majani ya chai, mchange na kitu kidogo mumpe mkononi, sio ahsante tupu.

Mkifika, jifunzeni mimea mitano. Mitano tu! Mimi nilikuwa nakimbilia picha ya kumi na ngapi sijui, bibi mmoja akanishika mkono, "Mjukuu wangu, weka hiyo simu. Vunja." Nikavunja jani la mchunga likatoa maziwa meupe, akasema haya lamba, uchungu ukanifika kooni, na toka siku hiyo mchunga nautambua hata gizani. Kivumbasi nao unafikicha unanusa, ndio ule watu wanachoma jioni kufukuza mbu. Ila kulamba ni mpaka uambiwe lamba, usijitie ushujaa.

Andika na jina la kilugha, hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwangani wa huku, Tanzania ni mgagani, na mchunga Wagiriama wanauita mutsunga, sasa ukishika jina moja tu utafika kijiji cha pili uonekane hujui kitu. Na ukitaja mwarobaini kama mti wa asili jua kwamba ulitoka upande wa Bara Hindi, mlonge vilevile, mimi nilibishana na watu nusu saa juu ya hili kabla sijakubali.

Kabla ya cha kuchuma uliza cha kutogusa. Mranaha unaota palepale jalalani unapoota mnavu, na mranaha ni sumu kweli, unavuruga akili na unaweza kuua. Ua la mranaha ni refu kama tarumbeta, tunda lina miiba, jani ukilifikicha linanuka vibaya. Mnavu una viua vidogo vyeupe na vitunda vya mviringo vimekaa kwa vichala. Kama haujatoa ua na huna hakika, uache hapo hapo.

Kwa upande wa dawa, sikiliza na uandike ni mzizi au gome au jani, ni ya nini, nani haruhusiwi kuitumia, lakini usirudi nyumbani ukachemsha ukanywa, hasa kama una mimba au unameza dawa za hospitali. Mzee akikwepa swali usimng'ang'anie, kuna mambo hayasemwi mbele ya watu kumi. Na gome usibandue kuzunguka shina lote, mti utakufa.

Kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ni habari nyingine. Kaya Kinondo karibu na Diani, mmoja wa ile misitu yao iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, wageni wanaingia na kiongozi, unafungwa shuka nyeusi na hutoki na kitu, hata jani moja. Huko tembea na macho na pua.

Mkimaliza msiagane njaa, pikeni. Mchunga unaukatakata, unauchemsha, unamwaga yale maji machungu, ndio unautia tui la nazi zito na kitunguu, na sima pembeni. Bibi alionja mchuzi wangu akasema bado maji moja, nikarudisha sufuria motoni.