Siku Nzima Kisiwani Mbudya: Kuipanga Safari kwa Maji na Upepo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaokwenda Mbudya kwa mara ya kwanza huchagua siku kwa kuangalia kalenda ya ukutani: sikukuu inaangukia lini, nani ana likizo, mshahara umeingia au bado. Wavuvi wa Kunduchi, kabla ya kung'oa nanga, huangalia mambo mawili, nayo ni maji na upepo. Mwongozo huu unaanzia pale wanapoanzia wavuvi hao, kwa sababu sehemu kubwa ya kero zinazoharibu safari hii, iwe ni watoto kutapika njiani au familia kukaa nusu siku ikiutazama mwamba mkavu mahali ilipotarajia kuogelea, chanzo chake huwa ni siku iliyochaguliwa vibaya.

Mbudya ni kisiwa kidogo kisicho na makazi, kilichoko kaskazini mwa jiji, mbele ya pwani ya Kunduchi. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kisiwa hiki kilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975, na ndiyo maana kila anayeshuka hutakiwa kulipa kiingilio, ambacho kwa raia huwa nafuu kuliko kwa mgeni kutoka nje. Boti za mashine huondokea ufukweni Kunduchi na kwenye hoteli za jirani, na bahari ikiwa shwari huvuka kwa muda usiofika nusu saa. Wanaoishi Masaki na Msasani huona wepesi kwenda Bongoyo, na karibu yote yaliyoelezwa hapa yanafaa huko pia.

Tuanze na maji. Katika mwambao wetu bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda unaozidi siku moja kidogo, hivyo saa ya kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku 2 au 3 zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huweza kuzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti hiyo ikapungua na mikondo ikapoa. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui, ingawa kila mwanamke anayechokoa pweza mwambani analijua bila kutazama saa, ni kwamba katika pwani hii siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri, ilhali siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa asubuhi na kupwa alasiri.

Ukilijua hilo, siku yako inajipanga yenyewe. Katika bamvua, anayefika kisiwani saa 3 au saa 4 atakuta maji yamerudi mbali, boti italazimika kusimama nje, na abiria watatembea majini na juu ya mwamba wakiwa wamejitwika mizigo. Hiyo si hasara kwa mtu aliyejiandaa, maana ndio wakati wa kuzunguka taratibu kandokando ya kisiwa, kuwaonyesha watoto viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na kaa waliobaki kwenye vidimbwi, kisha kula mapema na kusubiri maji yapande baada ya saa 7. Mizigo iwekwe juu kabisa, kwa sababu alasiri ukanda wa mchanga huwa mwembamba, na nimeshuhudia viatu vya watu vikielea. Siku za maji mafu, kwa upande mwingine, unaweza kuogelea tangu unapofika, na kwa kuwa mkondo ni dhaifu na hautibui mchanga, maji huwa maangavu zaidi kwa anayetaka kuvaa miwani ya kuzamia na kuangalia samaki. Mwenye watoto wadogo, au mwenye watu wazima wasiojua kuogelea, ningemshauri achague siku hizo bila kusita.

Hapa mwandamo wa mwezi unatufaa kuliko kalenda ya ukutani, hata kwa sikukuu. Idd el-Fitr huangukia siku ya kwanza ya mfunguo mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, huangukia bamvua, na umati unaowahi ufukweni asubuhi ya Idd Pili hukuta maji yamepwa. Afadhali wale chakula cha nyumbani kwa utulivu na wavuke kuelekea adhuhuri. Idd el-Haj husherehekewa tarehe 10 ya mfunguo tatu, siku chache tu baada ya mwezi kuwa nusu, na wakati huo maji ni mafu au karibu na hapo, yakijaa kuelekea mchana. Siku hiyo anayewahi ndiye anayefaidi.

Upepo una majira yake. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili na hupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi. Na kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha maleleji, ambapo upepo hauna mwelekeo maalumu na bahari mara nyingi hutulia. Wakati wa masika, yaani kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, mvua hushusha tope la mito ya jiji baharini na maji hupoteza uangavu wake hata siku ambayo hakuna upepo. Kwa maoni yangu miezi mizuri kuliko yote ni Oktoba, Novemba na Februari. Hata hivyo, majira yoyote yale, upepo wa asubuhi huwa mwepesi kuliko wa alasiri, na msafiri aliyevuka saa 3 juu ya bahari iliyolala kama mkeka asidhani ataikuta hivyo saa 11.

Nililipata somo hilo siku ya Nane Nane, sikukuu ambayo kwa bahati mbaya iko katikati ya kusi. Tulivuka salama watu 11, tukaogelea, tukala, na tulipotaka kurudi saa 11 mawimbi yalikuwa yanapiga ubavuni mwa boti kwa nguvu iliyomfanya nahodha wetu akatae kuondoka. Aliyetukodishia boti hiyo alikuwa ametuahidi siku shwari kabisa bila kumuuliza nahodha wala kuangalia utabiri. Tulisubiri hadi jua likakaribia kuzama, watoto wakaanza kulia kwa baridi ya nguo mbichi, na tukavuka kwa hofu, mwendo wa polepole, kila mtu amelowa. Nahodha alikuwa na haki kabisa, na tangu siku hiyo mimi husoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya siku inayotangulia safari. Ikiwa imetolewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, safari huahirishwa, hata kama samosa zimeshakaangwa.

Kuhusu boti, msiingie kwenye ya kwanza inayowakaribisha. Vyombo vidogo vya majini huku bara husimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na boti iliyokaguliwa huandikwa idadi ya abiria inayoruhusiwa kuwabeba. Idadi hiyo isizidishwe hata kwa mtoto mmoja. Watu wa mwambao hatujaisahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ombeni majaketi okozi myaone kwa macho kabla hamjalipa, na yavaliwe kabla mashine haijawashwa. La mtoto lipimwe: mvalishe, lifunge, kisha livute juu kwenye mabega; likimpita masikio, ni kubwa mno kwake na halitamsaidia akianguka majini. Muulizeni nahodha kwa adabu kama ana kasia au mashine ya akiba. Nahodha mzuri hachukizwi na swali hilo, na anayechukizwa amekwisha kuwajibu.

Bei ipatanwe kwa kwenda na kurudi, isemwe ni ya boti nzima au ya kila mtu, na isemwe kama kiingilio cha kisiwa kimo ndani yake. Utaratibu unaowafaa wote ni kulipa sehemu mnapoondoka na kumalizia mnaporudi Kunduchi. Chukueni namba ya simu ya nahodha mwenyewe, si ya dalali peke yake, na muwekeane saa ya kurudi, ambayo nashauri isipite saa 10 na nusu, ili jua likizama, kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo kutegemea mwezi wa mwaka, muwe mmekwisha kufika nyumbani.

Mizigo iwe michache. Maji ya kunywa yatangulie kila kitu, na kwa siku nzima juani mtu mzima asipungukiwe na lita 3, kwa kuwa si busara kutegemea yatakayouzwa kisiwani. Baada ya hapo ni kofia, kanga au shuka, nguo kavu za kurudia, fedha taslimu za noti ndogondogo, mfuko wa kuhifadhi simu isiingie maji, na viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino, vile wanavyoviita yeboyebo, ambavyo hulinda nyayo dhidi ya mwamba. Tumieni makapu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Anayechafukwa na bahari ale chakula chepesi saa moja kabla ya safari, anywe chai ya tangawizi, akae karibu na tezi ambako boti hairushwi sana, na atazame mbali mbele badala ya kuinamia simu.

Jua la kisiwani linastahili neno lake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa. Mchanga mweupe na maji huurudisha mwanga wake usoni hata kwa aliyevaa kofia. Weusi wa ngozi hauzuii kuungua. Ikiwa katika kundi lenu yupo ndugu mwenye ualbino, safari nzima ipangwe kwa kumzingatia yeye: nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya kuingia majini, na banda lenye kivuli kamili linalokodiwa mapema kabla hayajaisha. Saa za kuanzia saa 5 hadi saa 9 awe kivulini, na wengine wakae naye wakila na kuzungumza, asiachwe kulinda mizigo.

Mkifika, agizeni chakula kwanza ndipo muingie majini, kwa kuwa samaki wa kuchoma huchukua muda na wateja huwa wengi. Chagua samaki wako mwenyewe, changu au kolekole, mtazame macho na mashavu, na mkubaliane bei kabla hajawekwa juu ya makaa. Pweza na chipsi hupatikana pia. Wanaotaka kuswali adhuhuri na alasiri hawana taabu: maji ya bahari yanafaa kwa udhu, na kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, anayesimama ufukweni akiitazama bara atakuwa na kibla mkono wake wa kulia.

Majini, kanuni ya kwanza ni kwamba asiyejua kuogelea asipite kina cha kiuno na asivue jaketi, na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mlinzi wake, kwa sababu mtoto wa kuangaliwa na wote haangaliwi na yeyote. Mikondo huwa na nguvu zaidi katikati ya kupwa na kujaa, hasa katika bamvua; ukihisi unavutwa, usishindane nao, elea huku ukiinua mkono na kuita. Kwenye mchanga buruza miguu badala ya kuiinua, ili samaki aitwaye taa, ambaye hujifukia humo, akusikie na kuondoka. Akikuchoma, tia jeraha katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, yanayopatikana kwa urahisi kwa wachoma samaki, kisha uende hospitali. Juu ya mwamba jihadhari na wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, kwa kuwa miiba yao hukatikia ndani ya nyama.

Matumbawe yasikanyagwe wala kushikwa. Ni viumbe hai vinavyokua polepole mno, na haya ya Dar es Salaam yameteseka vya kutosha: uvuvi wa baruti uliyavunjavunja kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yapauke na kufa. Yanayoonekana leo chini ya miwani yako ni masalia pamoja na yaliyojitahidi kuota upya. Kwa sababu hiyo hiyo msichukue makombe, hata yaliyo matupu, kwani kaa wengine huyatumia kama nyumba, na eneo hili limehifadhiwa kisheria.

Saa 10 ikigonga, kusanyeni takataka zenu zote na mrudi nazo bara, mhesabu watu, mvae majaketi na kuweka simu mifukoni. Wazee na watoto wapande kwanza, mmoja mmoja, nahodha akiwa ameishikilia boti. Wakati wa kurudi watoto wakae katikati, wafunikwe kanga, na nahodha aachwe aendeshe kwa mwendo anaouona yeye unafaa, bila kuhimizwa. Mkishuka Kunduchi rudisheni majaketi, hesabuni watu kwa mara nyingine, ndipo mmalizie malipo.