Kukokotoa kipimo cha athari cha jarida la saratani bila kulipia

Juzi shemeji yangu, tabibu hapa Kigoma, alinifuata Mwanga, kompyuta kwapani. Ana andiko la saratani ya mlango wa kizazi na alitaka kujua jarida la Cancer Research linanukuliwa kiasi gani. Hesabu yake ya kipimo cha athari (impact factor, yaani wastani wa nukuu kwa kila makala) ilimpa chini ya 1. "Shem, mbona kila mtu analisifia?" Nikacheka, maana shimo hilo nililitumbukia mwenyewe Jumapili nzima.

1. Tafuta kwa ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, si kwa jina. Majarida yenye neno Cancer ni utitiri. La kwetu ni 0008-5472 kwa karatasi na 1538-7445 kwa mtandaoni.

2. Pakua orodha ya makala kutoka OpenAlex, hifadhidata ya makala za kitaaluma na nukuu zake. Ni bure. Google Scholar siitaki kwa kazi hii. Inaokota kila kitu.

3. Panga miaka. Kwa kanuni ya Eugene Garfield, aliyebuni kipimo hiki, kipimo cha 2024 ni nukuu zilizotolewa ndani ya 2024 kwenda kwa makala za 2022 na 2023, kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Jumla ya nukuu za makala tangu itoke hadi leo usiiguse. Chukua zile za 2024 peke yake.

4. Safisha kigawanyo, yaani ile idadi ya makala. Hapa ndipo jua linapozama. Majarida ya saratani huchapisha pia mihtasari ya mikutano, na Cancer Research hubeba maelfu kutoka mkutano wa kila mwaka wa chama chake, AACR, cha utafiti wa saratani cha Marekani. Kwenye orodha mihtasari hiyo huweza kuvaa lebo ileile ya makala, ilhali karibu hakuna anayeinukuu. Kigawanyo kinavimba, jibu linasinyaa. Usiamini lebo, soma vichwa: vyake huanza na "Abstract" kisha namba. Chuja, futa. Kisha ondoa tahariri, barua kwa mhariri na masahihisho, zibaki makala za utafiti na za mapitio tu. Lakini angalia: nukuu zinazokwenda kwa hizo tahariri na barua usizifute juu ya mstari, kwenye jumla ya nukuu, kwani Clarivate, kampuni inayotoa kipimo rasmi, nao huzihesabu huko. Ndiyo, ni upendeleo, na majarida yanaujua. Weka nakala ya faili asilia kabla hujafuta chochote, mimi sikuweka.

5. Gawanya. Kwa mfano, nukuu 3,900 kwa makala 780 ni 5.0. Usitegemee ilingane na ya Clarivate, wao huhesabu kutoka Web of Science, hifadhidata yao wenyewe. Wala usiilinganishe na CiteScore, kipimo kingine cha hifadhidata ya Scopus, kinachochukua miaka 4.

6. Tafuta pia nukuu za makala ya katikati (median) ukizipanga kwa idadi ya nukuu, maana makala chache zaweza kuvuta wastani juu. Kipimo cha jarida la CA: A Cancer Journal for Clinicians huvuka 200 kwa sababu takwimu zake za saratani za kila mwaka hunukuliwa na karibu kila mwandishi wa fani. Shemeji alipofika hapa aliniomba nimwonyeshe fomula ya MEDIAN kwenye LibreOffice, programu ya bure yenye majedwali, tukaanza upya na jarida la pili kwenye orodha yake.