Maharage kwenye makopo: namna ya kupima mabaki ya dawa ya magugu shambani

Umevuna mahindi, shamba lilikuwa safi msimu mzima, na sasa unataka kupanda maharage palepale. Je, dawa ya magugu uliyopuliza imekwisha ardhini? Usikisie. Chukua makopo, mbegu za maharage na udongo wako, kisha upe jaribio wiki tatu.

1. Jua ulipuliza nini

Achana na jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta jina la sumu yenyewe, lile la herufi ndogo lenye kiasi chake kwa lita. Kama ni glaifoseti peke yake, jaribio hili si la lazima sana: udongo huishika kwa nguvu hata mizizi ikaambulia kidogo mno. Ndiyo sababu pia ukiichanganya na maji ya tope inapoteza makali ndani ya bomba la kupulizia.

Atrazini ni habari nyingine. Imo kwenye dawa nyingi za mahindi, huingia kupitia mizizi, na huweza kubaki hadi msimu unaofuata. Kazi yake hufanyika ndani ya jani: inaziba njia ambayo nguvu ya jua hupita ili mmea utengeneze chakula. Nguvu ile ikikosa pa kwenda, inaliunguza jani lenyewe. Mahindi yanaishi kwa sababu huivunja sumu hiyo upesi kabla haijaleta madhara. Maharage hayawezi kuivunja kwa kasi hiyo.

2. Chota udongo

Tembea shambani kwa mkato wa zigizaga, uchote sehemu kumi au zaidi, kina cha sentimita 10. Usisahau kona ulikogeuzia bomba, maana hapo dawa hupitiwa mara mbili. Udongo wa kona weka kando, upimwe peke yake. Kisha chota udongo wa aina ileile mahali ambapo dawa haijawahi kufika, kwa mfano chini ya uzio upande ambao upepo hautokei shambani. Bila udongo huo safi wa kulinganishia, jaribio lote halina maana.

3. Panda

Toboa makopo chini. Chupa za maji zilizokatwa zinafaa. Za dawa, hata zikioshwa vipi, hapana. Andaa makopo manne ya kila udongo, na mengine manne ya udongo wa shambani uliochanganywa na mkaa uliosagwa laini, kiganja kimoja kwa kopo. Mkaa hunasa atrazini. Panda mbegu nne kila kopo, kisha weka yote juani. Kivulini dalili hujificha, kwa kuwa kinachounguza jani ni mwanga.

Mwagilia kidogokidogo. Maji yakichuruzika chini ya kopo yanaondoka na sumu unayoitafuta.

4. Subiri, kisha soma majani

Hapa ndipo wengi huharakisha. Siku ya nane maharage yote yamesimama, yanapendeza, na mtu anakimbilia jembe. Mche bado unakula akiba ya mbegu! Ngoja jani la kwanza lenye vipande vitatu likunjuke vizuri.

Atrazini huanzia majani ya chini: ukingo unageuka njano, njano inaingia katikati ya mishipa, halafu ukingo unakauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kichipukizi cha juu kinaweza kuwa bado kijani. Upungufu wa naitrojeni nao huanzia chini, lakini jani hupauka lote kwa usawa. Ukiona shina limejipinda na majani yamekunjika kama kikombe, hiyo si atrazini. Ni jamii ya 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, ambayo huiga homoni ya ukuaji ya mmea, na huenda ilipeperushwa kutoka kwa jirani au ilibaki ndani ya bomba.

Maharage ya udongo wa shamba yakiungua, na yale ya mkaa yakiwa na nafuu, jibu unalo.

5. Amua

Kama mabaki bado yapo, rudia mahindi au panda mtama, halafu upime tena. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoimaliza atrazini kwa sehemu kubwa, navyo hutaka unyevu na joto. Msimu mkavu huichelewesha, na udongo wenye magadi pia.

Usifurahie tu ikiwa imetoweka. Mvua kubwa ikinyesha muda mfupi baada ya kupuliza, sehemu yake huondoka na maji kuelekea mtoni au kisimani. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye dawa zinazoruhusiwa mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi. Kikomo chao katika maji hayo ni mikrogramu 0.1 kwa lita, yaani gramu moja katika lita milioni kumi. Linganisha na unachomimina ukiosha bomba karibu na kijito.

6. Kagua magugu yaliyopona

Yakisimama kwa mstari mnyoofu, nozeli, ile ncha ya bomba inayotoa dawa, iliziba. Gugu liitwalo kongwe likibaki wakati mengine yote yamekufa kwa glaifoseti, usishangae, lina ustahimilivu wa asili. La kutisha ni gugu moja zima katikati ya wenzake wa aina ileile waliokufa: huenda limekuwa sugu, yaani dawa hailiui tena. Ling'oe kabla halijatoa mbegu, na msimu ujao badilisha aina ya sumu, si chapa. Usugu dhidi ya jamii ya atrazini uliripotiwa Marekani tangu mwaka 1970, katika bustani ya miche iliyopulizwa dawa zilezile miaka kadhaa mfululizo.

Udongo wa makopo rudisha shambani ulikoutoa, usiumwage kwenye bustani ya mchicha.