Vidonge vya madini na sukari ya damu: namna ya kujua kama vinakufaa

Kidonge cha madini hakishushi sukari kama metformin, dawa ya kisukari, inavyoishusha. Kazi yake ni kuziba pengo, na pengo lisipokuwepo hakina pa kufanyia kazi. Kwa hiyo kabla ya kuingia duka la dawa, Darajani Unguja au Chake Chake Pemba, jua kwanza ni madini gani yanayokupungukia, kama yapo.

Zinki inajulikana vizuri. Seli za kongosho zinapoiweka akiba insulini, homoni inayoshusha sukari, huifungasha kwa zinki: chembe sita za insulini hushikamana kuzunguka zinki mbili. Magnesiamu husaidia seli za mwili kuiitikia insulini. Sukari ikiwa juu mtu hukojoa sana, na magnesiamu hutoka na mkojo. Ikipungua, insulini nayo huzidi kukosa nguvu, na sukari hupanda tena.

Kromiamu ndiyo yenye kelele nyingi. Sifa yake ilivuma miaka ya 1970, pale wagonjwa waliokuwa wakilishwa kwa mshipa bila kromiamu walipopandwa na sukari, wakaongezewa, ikashuka. Kwa watu wanaokula kwa mdomo majaribio yamegongana hadi leo, na mwaka 2014 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haioni ushahidi wa kutosha kwamba mwili unaihitaji. Sisi tunaiweka mwisho wa foleni. Vanadiamu usiiguse: dozi zilizojaribiwa kwa sukari ni kubwa na huchafua tumbo.

Seleniamu ina habari yake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 kwa siku, na kipande cha jodari cha gramu 85, ukubwa wa kiganja bila vidole, kinazipita hizo. Pweza naye hayuko nyuma. Mla samaki wa visiwani akinunua seleniamu anamwagia bahari maji. Tena si maji matupu: katika jaribio moja la Marekani, matokeo yake yakatolewa 2007, waliomeza mikrogramu 200 kila siku kwa miaka walipata kisukari zaidi kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa.

Anzia kliniki unakochukulia dawa, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja au iliyo karibu nawe. Omba vipimo vitatu: HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kwa asilimia), kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na magnesiamu ya damu ikiwa maabara inaipima. Kawaida yake ni takriban 0.7 hadi 1.0 mmol/L, ila chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyomo kwenye damu, kwa hiyo jibu zuri halikuhakikishii kuwa hupungukiwi. Kipimo cha damu cha kromiamu ni pesa za bure. Figo zikiwa mbovu, safari ya magnesiamu inaishia hapo, maana haitoki mwilini na ikijaa hulegeza misuli na kupunguza kasi ya moyo.

Mpelekee daktari dawa zako zote, na za kienyeji pia. Walio hatarini zaidi kupungukiwa magnesiamu ni wanaomeza dawa za kukojoza maji kwa ajili ya presha, wanaotumia omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, kwa miaka, na wenye sukari isiyoshuka. Mtumiaji wa metformin wa muda mrefu aulizie vitamini B12 kabla ya madini yoyote. Hiyo ndiyo inayopungua kwelikweli, na ganzi ya miguu mara nyingine hutoka huko.

Sasa chupa. Namba kubwa iliyoandikwa mbele mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima, si wa madini yenyewe. Oksidi ya magnesiamu miligramu 500 ina magnesiamu takriban 300, lakini tumbo huinyonya kidogo na nyingine huishia kuharisha. Sitrati ya uzito huohuo haifiki 100, ila hunyonywa vizuri zaidi. Zinki salfeti ya miligramu 220 ina zinki 50 tu. Tafuta neno "elemental", yaani uzito wa madini yenyewe, kwenye lebo, na usichanganye mikrogramu na miligramu: kromiamu mikrogramu 200 ni miligramu 0.2. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda irudishe rafuni, hata muuzaji akiapa.

Daktari akikubali, viwango vya kuanzia ni vidogo. Magnesiamu miligramu 100 hadi 200 baada ya chakula cha usiku. Kutoka kwenye vidonge usipite 350 kwa siku. Zinki miligramu 10 hadi 15 baada ya chakula, maana tumbo tupu litakutia kichefuchefu. Jumla ya zinki ya chakula na kidonge isipite 40. Vile vidonge vya zinki miligramu 20 wanavyopewa watoto wanaoharisha ni bei rahisi, na ndiyo maana watu wazima huvimeza miezi na miezi. Vilitengenezwa kwa siku 10 hadi 14. Zinki ikizidi muda mrefu huizuia shaba, na shaba ikipungua huja upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Mgonjwa hudhani ni kisukari kinachomla, akaongeza zinki.

Ukipewa antibiotiki za doxycycline au ciprofloxacin, uliza saa za kupishanisha, kwani madini huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, iachie saa 4. Vidonge vya chuma usivimeze pamoja na zinki.

Lakini sahani huenda ikakutosheleza. Mchele mweupe umepoteza magnesiamu nyingi ulipokobolewa, kwa hiyo punguza wali, jaza kunde, choroko, mbaazi na mchicha. Kunde ziloweke usiku kucha, maji yale yamwage: kunde zina kitu kinachoishika zinki, na kuloweka hukipunguza. Korosho gramu 30, kiganja kimoja, zina magnesiamu takriban miligramu 80. Mbegu za maboga za uzito huo hupita 140. Zinki haina mshindani wa chaza. Maji yakipwa wakati wa bamvua, wachache tu kwenye ndoo wanatosha haja ya siku.

Jaribio lenyewe linataka daftari. Wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu: pima asubuhi kabla ya kula na saa 2 baada ya mlo mkubwa, angalau siku 3 kila wiki. Osha mikono, maana kidole chenye maji ya embe kitakupa sukari ya embe. Kisha ongeza madini ya aina moja tu kwa wiki 12, ndipo urudie HbA1c. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, hivyo kupima baada ya wiki 3 ni haraka mno. Andika pia homa, harusi, na prednisolone (dawa ya steroidi), kwani zote huvuruga hesabu. HbA1c ikishuka kwa 0.2 bado hujui kitu, hiyo ni tofauti ya kawaida ya maabara. Ikishuka 0.5 bila ya kubadili dawa wala chakula, zungumza na daktari kuhusu kuendelea. Isiposhuka, acha.

Anayetumia insulini, au vidonge vya sukari vya glibenclamide au gliclazide, awe macho zaidi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Halwa haifai hapa. Samli yake huichelewesha sukari.

Vijiti vya kupimia vibaki kwenye kopo lake lililofungwa, si juu ya friji wala mfukoni, hasa miezi ya masika. Unyevu ukiingia, mashine hutoa namba za uongo.

Ramadhani, magnesiamu ihamie baada ya futari na zinki baada ya daku, na saa za dawa za sukari zipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama. Ukiharisha mchana wa mfungo, magnesiamu iache siku hiyohiyo, na ukianza kuona kizunguzungu au mkojo umekuwa mweusi, fungua.